Binamu wa Dallas anasema Ulaya imekwisha, dada asiende Ujerumani. Kuna ukweli hapo?

Wa_Ntinda

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nina swali, naomba mjibu bila matusi maana najua mambo ya dini humu yanawaka haraka kuliko petroli.

Dada yangu mdogo ana miaka 23, kamaliza unesi, kazi hapa Uganda hakuna, au zipo ila mshahara unaishia kwa boda na chakula cha mchana. Mwaka mzima anasoma Kijerumani, mchana yuko kliniki jioni darasani, na nyumbani kila kitu kabandika karatasi, mlango umeandikwa Tür, friji Kühlschrank, hata sigiri ya mama ina karatasi yake imeshaungua pembeni. Sasa kapata nafasi ya mafunzo kwenye hospitali moja kule, miaka mitatu, unalipwa huku unasoma. Tulikuwa tumeanza kuchanga tiketi.

Tatizo ni binamu yetu, mtoto wa shangazi, yuko Dallas tangu 2009. Ndiye mwenye sauti kwenye ukoo kwa sababu ndiye anayetuma pesa, mnajua mambo ya kyeyo, kazi za ughaibuni, anayetuma ndiye anayeongea wa mwisho. Tangu asikie neno Ujerumani amemwaga vidio kwenye grupu la familia mpaka simu ya mama imegoma kupokea picha. Watu wanaswali barabarani Paris, mwanaume anapiga kelele London, ramani ya Ulaya inageuka kijani kidogo kidogo mpaka 2050 yote kijani. Anasema serikali ya Marekani yenyewe imeandika kwenye karatasi rasmi kwamba ustaarabu wa Ulaya unafutika. Juzi kaweka voisi ya dakika 11, ati msichana Mkristo hawezi kutembea Berlin jioni, kuna mitaa polisi hawaingii, sharia ndiyo inatawala. Mama ni mlokole, ameanza kufunga. Baba amenyamaza, na baba akinyamaza ujue pesa ya tiketi imesimama.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mume wa dada yetu mkubwa ni Mwislamu wa Bombo na yumo kwenye grupu hilo hilo. Zile alama za bluu zinaonyesha anasoma zote. Hajasema neno. Idi iliyopita katuletea paja zima la mbuzi kama kila mwaka. Naona aibu hata kumpigia.

Sasa nyinyi mliosoma ama mliofika huko, binamu anasema kweli ama amelishwa?

Kisenyi_Boy

Mimi ni Mwislamu, Msomali wa Kisenyi, nimezaliwa Mengo. Huo mpango wa kuchukua Ulaya 2050 naomba mwenye barua anitumie nami nijue nimepangiwa nchi gani, maana viza tu ya kwenda Dubai kuleta simu ilinitoa jasho wiki tatu.

Nicheke halafu nilie. Na mimi nina binamu Marekani, Minneapolis, na yeye ananitumia vidio za Ulaya hiyo hiyo ila kinyume. Ati nisithubutu kwenda, kule Waislamu wanapigwa, hijabu zinavuliwa, misikiti inarushiwa mawe. Kwa hiyo binamu wako na binamu wangu wanaogopa bara moja, kila mtu na upande wake, na wote wawili hawajawahi kuikanyaga hata kwa kubadilisha ndege. Huyo wangu tangu Desemba 2025, rais wao aliposema wazi hataki Wasomali nchini mwake, anakwenda kununua maziwa na pasipoti ya Marekani mfukoni. Nikamwuliza sasa kati ya mimi na wewe nani yuko mahali pa hatari, akakata simu.

Mwalimu_Mbale

Wa_Ntinda, asante kwa swali, nitajibu kwa hesabu kwanza maana hapo ndipo hizo ramani za kijani zinapofia.

Kuna kituo cha utafiti cha Marekani kinaitwa Pew, mwaka 2017 walitoa ripoti juu ya jambo hili hili. Walichukua nchi 28 za Umoja wa Ulaya wa wakati ule pamoja na Norway na Uswisi. Mwaka 2016 Waislamu walikuwa milioni 25.8, yaani asilimia 4.9 ya watu wote. Halafu wakapiga hesabu ya 2050 kwa njia tatu. Wakifunga mpaka kabisa asiingie hata mtu mmoja, wanafika asilimia 7.4. Wakiingia wahamiaji wa kawaida bila lile wimbi la wakimbizi, 11.2. Na kama lile wimbi la 2015 lingeendelea vile vile kila mwaka bila kupungua mpaka 2050, jambo ambalo halikutokea, wangefika 14.

Sasa shika hiyo 14 mkononi halafu rudi nyumbani. Sensa yetu ya 2014 ilisema Waislamu wa Uganda ni asilimia 13.7. Umeiona? Ile Ulaya ya kutisha ya 2050, tena kwa hesabu ya juu kabisa, ni Uganda aliyozaliwa binamu yako. Kakulia humo, kasoma humo, kala mbuzi wa Idi humo. Mwambie atutumie vidio ya siku tulipomezwa.

Sitaki kumdanganya mtu, kwa hiyo niseme na upande wa pili. Asilimia haigawanyiki sawa. Poland Waislamu hata asilimia moja hawafiki, Ufaransa walikuwa 8.8, Uswidi 8.1, Ujerumani 6.1. Uswidi kwa ile hesabu ya juu ilifika 30.6, na ukiishi kwenye nchi ya watu milioni kumi iliyopokea maombi ya hifadhi karibu 163,000 mwaka mmoja wa 2015, utasema kitu kimebadilika na utakuwa sahihi. Pia ni kweli Waislamu wa kule ni vijana kuliko wenzao, umri wa katikati miaka 30 wenzao karibu 44, kwa hiyo wataongezeka hata mpaka ukifungwa. Ila hata wao kizazi kinapungua, wakishakaa wanazaa kama majirani. Angalia Uturuki yenyewe, nchi ya Waislamu, saa hii mwanamke anazaa kama mtoto mmoja na nusu hivi, hawajizalii hata wa kujaza nafasi zao.

Hiyo karatasi ya serikali ipo, binamu hakuitunga. Ni mkakati wa usalama wa taifa uliotoka Desemba 2025, na kweli inasema Ulaya iko kwenye hatari ya kufutika kiustaarabu na kwamba huenda ndani ya miongo michache baadhi ya nchi za NATO sehemu kubwa ya watu wake hawatakuwa wa asili ya Ulaya. Lakini karatasi ya serikali siyo sensa. JD Vance mwaka 2024 kabla hajawa makamu wa rais alitania kwamba nchi ya kwanza ya Kiislamu kweli kweli yenye bomu la nyuklia labda ni Uingereza, kwa sababu chama cha Labour kimeshinda. Watu wakacheka ukumbini. Trump naye Septemba 2025 alisimama Umoja wa Mataifa akasema London inataka kwenda kwenye sharia. Meya wa London, Sadiq Khan, ni Mwislamu, baba yake alikuwa dereva wa basi kutoka Pakistan, ameshinda uchaguzi mara tatu tangu 2016, na sensa ya 2021 ya England na Wales ilihesabu Waislamu asilimia 6.5. Waliosema hawana dini kabisa ni 37.2! Kama mama yako anataka kufunga kwa ajili ya Ulaya, ningemshauri afungie hao.

Na kwa nini Mmarekani aumie hivyo kwa ajili ya Ulaya? Mimi naona anajisemea mwenyewe. Kwao Waislamu ni kama mtu mmoja kwa mia, hana pa kuwaonyesha, basi anachukua Paris anaifanya sinema ya kesho yake. Na hilo siyo la leo. Miaka ya 1850 walikuwa na chama kizima cha kuwakataa Wakatoliki wa Ireland, ati wanatii Papa hawawezi kutii sheria za nchi, wanazaa sana, watatuchukulia nchi. Hata 1960 Kennedy, Mkatoliki aliyegombea urais, alilazimika kwenda Houston kuwaeleza wachungaji kwamba Papa hatamwamuru. Badilisha neno moja tu uone kama si voisi ya dakika 11.

Hapo Texas kwenyewe 2025 kulikuwa na kelele kubwa, msikiti mmoja wa Plano karibu na Dallas ulitaka kujenga mtaa wenye nyumba na shule, gavana Abbott akaupinga kwa nguvu zote. Binamu anasikiliza hiyo kwenye redio akienda kazini, akirudi anaitupa kwenye grupu lenu.

Afande_Mstaafu

Mwalimu nakuheshimu lakini mnacheka sana humu.

Mimi usiku wa tarehe 11 Julai 2010 nilifika klabu ya raga ya Kyadondo, Lugogo, kabla ya saa sita, baada ya mabomu ya al-Shabaab. Watu walikuwa wanaangalia fainali ya kombe la dunia. Sitaeleza nilichokiona. Nitasema kitu kimoja tu, kuna gari lilikuwa limeegeshwa pale mlango wazi redio inaendelea kutangaza mpira, na mimi nimeinama nimeshika mtu, nikasikia mtangazaji anapiga kelele Iniesta amefunga. Mpaka leo nikisikia hilo jina sili. Zaidi ya watu 70 walikufa usiku ule, Lugogo na Kabalagala. Halafu Juni 2023 watoto wa shule Mpondwe, wamefungiwa bwenini wakachomwa. Waliofanya walitumia jina la dini gani? Kwa hiyo mtu asiniambie mwenye kuogopa ni mjinga. Paris Novemba 2015 walikufa 130. Nice walikanyagwa na lori, 86. Hao ni watu, siyo vidio.

Mmarekani ana makosa yake lakini woga haukutoka mbinguni.

Kisenyi_Boy

Afande, na baada ya usiku huo mimi nilikuwa na miaka 15, walikuja Kisenyi wakabisha kila mlango, baba yangu akakalishwa chini kwenye lami na wazee wenzake kutwa nzima, hakuna hata mmoja aliyekutwa na kitu. Alikuwa na duka la vitambaa, wateja Waganda walimkimbia mwaka mzima. Binamu yangu upande wa mama aliuawa Mogadishu na hao hao al-Shabaab, sokoni Bakara. Unadhani sisi hatuwaogopi?

Afande_Mstaafu

Najua kijana. Nilikuwa Mogadishu pia, na nikuambie ukweli, kila kumi tuliowazika tisa walikuwa Waislamu, na wakalimani wetu wote walikuwa Waislamu, wawili walikufa wakinitafsiria. Sikusema ni nyinyi. Pole kwa mzee wako. Lile la kuwakalisha lamini halikuwa sawa.

Nilichotaka Mwalimu akubali ni kwamba woga una baba na mama. Basi.

Mwalimu_Mbale

Nakubali Afande. Na nimefuta tabasamu.

Ila niongeze na sisi tumewahi kupita hapo. 1888 Waislamu walishika Buganda wakawafukuza Wakristo, Wakristo wakarudi wakawafukuza wao. Halafu 1892 pale Mengo waliouana ni Wakatoliki na Waprotestanti, Wakristo kwa Wakristo, Lugard, kapteni wa Kiingereza, akitoa bunduki kwa upande mmoja. Ukisimama Kampala leo unaona kilima cha Rubaga, cha Namirembe, cha Kibuli na msikiti wa Old Kampala, kila dini na kilima chake. Hatukupendana, tulichoka tu tukagawana vilima.

Mama_Leicester

Jamani nimeona jina la mji wangu halijatajwa nikashangaa, mnazungumza Waislamu na Ulaya bila Leicester?? Mimi ni wa Jinja, Mwanglikana, niko huku mwaka wa 14, nafanya kazi nyumba ya wazee, shifti za usiku.

Kwanza mjue historia. 1972 Amin alipowafukuza Wahindi wetu, halmashauri ya mji huu ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, likasomwa Kampala, linawaambia kwa faida yenu na familia zenu msije Leicester. Nyumba zimejaa, shule zimejaa, hospitali zimejaa. Maneno hayo hayo ya vidio za binamu. Wakaja hivyo hivyo, Wahindu, Waislamu, Waismaili, na begi moja moja. Leo ukitembea Belgrave Road unasikia kizee anabishana bei ya mihogo kwa Kiswahili cha Kampala, mwenye duka la dhahabu ananiita dada na kuniuliza kama barabara ya Jinja imetengenezwa. Sensa ya 2021 hapa Wakristo ni asilimia 24.7, Waislamu 23.5, Wahindu 17.9. Yaani sisi tuko ndani kabisa ya ile kijani ya ramani yenu.

Sasa wacha niseme ninavyoishi. Shifti yangu tuko watatu, mimi, Mpolandi mmoja, na Mwislamu mmoja familia yake ya Pakistan ila yeye kazaliwa hapa hapa, anafunika kichwa. Kuna mzee wa Kiingereza chumba cha 6, ana miaka 91, amepoteza kumbukumbu, kila usiku saa tisa anaamka anatafuta mke wake aliyekufa zamani. Mimi akiniona anapiga kelele. Mpolandi anampigia kelele yeye. Huyo binti wa hijabu ndiye pekee anayetulia naye, kwa sababu yeye kamwambia mke wake yuko jikoni anapika, basi mzee anakaa. Ramadhani anakula daku yake pale pale kwenye kiti huku kamshika mkono. Mtoto wa huyo mzee akija kutembea Jumapili anatusomea kwa sauti habari za gazeti, ati wahamiaji wametumaliza. Anatusomea sisi! Huku tumemshika baba yake kila mmoja upande. Mimi huwa naenda kuchemsha chai.

Ila sitawapaka mafuta. Kuna mitaa huku unaweza kukaa mwezi usizungumze na mtu wa dini nyingine, watoto wanasoma wenyewe kwa wenyewe, na kuna wasichana wanaozwa bila kuulizwa. Kuna miji ambayo magenge ya wanaume, wengi wa asili ya Pakistan, waliharibu watoto wa kike miaka mingi na wakubwa wakafumba macho wasiitwe wabaguzi. Hilo ni kweli na ni aibu. Na 2022 hapa kwetu vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walipigana mitaani wiki kadhaa, ilianzia kwenye mechi ya kriketi ya India na Pakistan. Nilikuwa napita kwa basi nikaona polisi wamejipanga katikati na farasi. Kwa hiyo eti polisi hawaingii, wanaingia, tena na farasi. Kuna televisheni ya Marekani 2015 ilimleta mtaalamu akasema Birmingham yote ni Waislamu na mtu mwingine haingii, Waingereza wakacheka wiki nzima, televisheni ikaomba msamaha hewani. Birmingham wakati ule Waislamu walikuwa kama mmoja kati ya watano.

Mnataka kujua siku niliyoogopa kweli huku? Ni Agosti 2024. Mwisho wa Julai watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu Southport, uongo ukaenea kwenye simu kwamba muuaji ni Mwislamu kaja kwa mashua. Alikuwa kijana kazaliwa Cardiff, wazazi wake wa Rwanda. Kabla ukweli haujavaa viatu, msikiti wa pale ulishambuliwa na hoteli za wakimbizi zikachomwa moto sehemu mbalimbali. Meneja wetu akatuandikia tusipande basi, akatutumia teksi wiki nzima. Mimi na msalaba wangu shingoni nikalala chini ya kiti cha teksi kama gunia. Kwa sababu wale wanaotafuta Waislamu barabarani hawaulizi kama umebatizwa, wanaangalia ngozi. Wa_Ntinda hilo mwambie binamu. Hizo vidio anazozituma zinawapandisha watu hasira huku, na hasira ikifika mtaani inamkuta dada yako.

Wa_Ntinda

Mama nimesoma hiyo ya teksi mara mbili. Sikuwahi kufikiria kwamba hatari ya dada inaweza kuja upande huo. Sasa Ujerumani je, ni hivyo hivyo? Na ile ya adhana, binamu anasema kule Köln wanaadhini kwa spika mji mzima.

Mkulima_Isingiro

Adhana??? Njoo Kawempe saa kumi na moja alfajiri. Nilikaa pale miaka miwili, msikiti kushoto, kanisa la walokole kulia, na lenyewe linakesha Ijumaa na ngoma na spika nne, katikati mimi na kipandauso. Köln ninavyojua misikiti inaruhusiwa mara moja kwa wiki, Ijumaa mchana, dakika zisizozidi tano, na lazima waombe kibali. Dakika tano! Kwetu hiyo ni ya kupima maiki.

Mimi niko Isingiro sasa, shamba langu linapakana na kambi ya Nakivale. Wakimbizi pale wamekuwepo tangu miaka ya hamsini hamsini, walianza Wanyarwanda, sasa wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, kila namna. Uganda nzima tuna wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, hakuna nchi ya Afrika inayotushinda, na sisi ni maskini. Siwezi kusema hakuna ugomvi, upo, kuni zimekwisha, ardhi wanagombana, bei ya maharage inapanda na kushuka kwa ajili ya mgao wao ambao nao umekatwa. Mbuzi wangu wawili waliingia kambini hawakutoka. Lakini ugomvi wetu ni wa kuni na mbuzi, unauona, unauitia mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, mnakaa chini ya mti mnaumaliza. Huyu wa Dallas ana ugomvi wa ramani, huo utauitia nani?

Na jambo la kunichekesha ni hili, Agosti 2025 Marekani hiyo hiyo inayolia Ulaya imejaza wageni, imekuja hapa kukubaliana na serikali yetu tupokee watu inaowafukuza, siyo Waganda, watu wa nchi nyingine. Sisi tukasema sawa ila wasiwe wahalifu na wasiwe watoto waliokuja peke yao. Kwa hiyo tukiwa na nafasi ni sisi, Ulaya ikiwa na nafasi ustaarabu umekwisha.

Kisenyi_Boy

Na msimsahau mtoto wetu Mamdani. Kazaliwa Kampala 1991, Mwislamu, leo ni meya wa New York, kaapa kwa Kurani tarehe 1 Januari 2026. Binamu wa Dallas anatafuta Waislamu Berlin na Mwislamu wa Kampala kashika New York 😂 Kuna mbunge wao alitaka anyang'anywe uraia. Arudishwe wapi, Buziga?

Mwalimu_Mbale

Kuhusu Ujerumani, Waislamu wengi kule asili yao ni Uturuki, na hawakuvamia, waliitwa. 1961 Ujerumani ilisaini mkataba na Uturuki kuleta wafanyakazi wa viwanda na migodi, mpango ukiwa wakae kidogo warudi. Hakuna aliyewafundisha lugha kwa sababu hakuna aliyedhani watakaa. Halafu wakakaa, wakazaa, na shida nyingi za leo mzizi wake ni hapo. Dada yako anakwenda kwa njia nyingine, na lugha anayo kabla hata hajapanda ndege. Ujerumani inamtaka kwa sababu imezeeka, hakuna wa kuwageuza wazee kitandani. Hiyo siri haimo kwenye vidio. Umoja wa Ulaya kwa wastani saa hii mwanamke anazaa chini ya mtoto mmoja na nusu. Mtu akisema Ulaya inatoweka mwulize kwanza nani hazai.

Kuna vyama vya kule vinavyopata kura nyingi kwa kusema wageni waondoke, AfD mwaka 2025 ilipata asilimia 20.8. Mkoa anaokwenda dada uangalie vizuri. Siyo kumtisha, ajue tu.

Afande_Mstaafu

Wa_Ntinda, mimi nakushauri kama mzee. Binamu yako usimjibu na takwimu kwenye grupu, utamvunjia heshima mbele ya mama yake, atakaza. Mpigie pembeni. Mwulize alipofika Dallas 2009 majirani walimwitaje.

Wa_Ntinda

Narudi na ripoti. Afande nilimpigia pembeni kama ulivyosema. Tuliongea saa nzima. Hajakubali. Ila nilipomwuliza la majirani alinyamaza kidogo, akasema mwaka wa kwanza mama mmoja wa ghorofa ya chini alikuwa akimwona anafunga gari kwa sauti, tii, halafu anavuta na kitasa kuhakikisha. Akasema hajawahi kumwambia mtu. Halafu akabadilisha akaniuliza bei ya mabati. Bado anasema Ulaya imekwisha, lakini voisi hajatuma tena siku ya nne leo.

Shemeji wa Bombo nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi, nilijipanga na maneno njia nzima ndani ya taksi. Akasema vidio hazioni, data yake ni ya kusoma tu maandishi, alidhani binamu anatuma mahubiri ya mama 😅 Sijui kama ni kweli au kaniokoa. Akanitolea shilingi laki tatu za tiketi.

Baba kasikia laki tatu zimetoka Bombo, jioni hiyo hiyo akatoa zake. Mama bado anafunga ila sasa anaombea viza. Jana kaniuliza namna ya kufuta vidio zote kwa mpigo, anataka nafasi kwenye simu.

Mama_Leicester swali la mwisho, koti la baridi, anunue hapa soko la Owino au asubiri akifika?

Mama_Leicester

Anunue hapo hapo Owino mpenzi, hayo makoti yote yametoka huku. Ila apande na kushusha zipu mara tano kabla hajalipa.